Likasi: Samaki wa nyumbani, maji ya madini na swali ambalo tangi la kioo haliwezi kujibu peke yake

Mjini Likasi, mtu anayetaka kufuga samaki wa mapambo sebuleni anakutana na swali moja kabla hajanunua hata samaki mmoja: maji atayatoa wapi? Katika miji mingi ya dunia swali hilo linamalizwa kwa kufungua bomba. Hapa Haut-Katanga, kati ya viwanda vya shaba na kobalti, jambo hilo linataka kufikiriwa vizuri, na anayelifikiria kwa ajili ya samaki wake anajikuta anafikiria pia maji ya kunywa ya watoto wake.

Ndiyo sababu tunaona mazungumzo haya yana nafasi kwenye ukurasa wa habari. Tarehe 4 Novemba 2025, maji machafu yalitoka kwenye bwawa la kampuni ya CDM mjini Lubumbashi na kuingia katika mitaa ya wakaaji. Siku chache baadaye waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, alitangaza kusimamisha kazi za kampuni hiyo mjini humo kwa miezi mitatu. Miezi tisa kabla ya hapo, tarehe 18 Februari 2025, upande wa pili wa mpaka, ukuta wa bwawa la taka za madini la kampuni ya Sino-Metals ulibomoka karibu na Chambishi nchini Zambia. Karibu lita milioni 50 za maji yenye asidi ziliingia mtoni hadi Kafue, samaki wakaelea wamekufa kwa makumi ya kilomita, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji.

Katika mikasa ya namna hiyo, samaki ndiye wa kwanza kutoa ushahidi. Hakuna anayengoja ripoti ya wizara akiona samaki wamegeuza matumbo juu. Ni kutokana na hapo yametokea mawazo ambayo unayasikia siku hizi mjini: weka samaki ndani ya tangi la kioo, mpe maji ya kisima chako, akiishi basi maji ni mazima, akifa basi maji yana sumu. Mawazo hayo ni rahisi na yanavutia. Lakini yana makosa pande zote mbili, na kosa la upande mmoja linaweza kuumiza watu.

Samaki akifa

Tuanze na upande wa samaki anayekufa. Wengi wanaoanza kufuga samaki nyumbani, popote duniani, wanawapoteza ndani ya wiki za kwanza, na mara nyingi madini hayahusiki hata kidogo. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake. Katika mto amonia hiyo inachukuliwa na maji mengi. Katika tangi la lita 60 inabaki palepale. Kinachookoa samaki ni bakteria wanaoota polepole juu ya changarawe na ndani ya chujio: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi. Bakteria hao wanahitaji wiki 4 hadi 6 ili watoshe. Mtu anayejaza maji Jumamosi na kuweka samaki 15 Jumapili anawaua kwa haraka zake mwenyewe, na halafu anasema ni maji ya mji.

Kuna pia klorini. Maji ya REGIDESO yakiwa yametiwa dawa inavyotakiwa, yanaunguza matamvua ya samaki ingawa mtu anayanywa bila shida. Bahati ni kwamba Likasi kila nyumba ina desturi ya kujaza bidoni na mapipa kwa sababu bomba halitoki saa zote. Maji yaliyokaa kwenye pipa wazi siku nzima, yakikorogwa mara kwa mara, yanapoteza klorini ya kawaida. Kile tunachofanya kwa kukosa, mfugaji wa Ulaya anakifanya kwa kununua chupa ya dawa.

Halafu inakuja shaba yenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtu anaweza kunywa maji yaliyo chini ya kipimo hicho. Lakini sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho inatosha kuua konokono na uduvi wa akwariamu, na katika maji laini inaua vifaranga vya samaki pia. Wauzaji wa dawa za samaki wanalijua hilo: dawa nyingi za kuua vidudu vya samaki zimetengenezwa kwa shaba, na juu ya chupa wameandika kwamba konokono waondolewe kwanza. Kwa hiyo samaki akifa kwa shaba ndani ya nyumba yako, haina maana moja kwa moja kwamba maji hayo yangekuumiza wewe. Yeye anaishi ndani ya maji hayo na kuyapitisha kwenye matamvua usiku na mchana. Wewe unakunywa vikombe kadhaa, tena una ini.

Kuna jambo la eneo letu ambalo linachanganya hesabu zaidi. Miamba inayobeba shaba huku Katanga ni ya dolomite, mawe yenye kalisi na magnesi. Maji yanayopita katika mawe hayo yanakuwa magumu. Unayatambua kwa utando mweupe unaobaki ndani ya sufuria na kwa sabuni isiyotoa povu. Maji magumu yanapunguza makali ya shaba kwa samaki. Visima viwili vyenye shaba sawasawa, kimoja katika mawe hayo na kingine katika udongo wa maji laini, vitatoa majibu mawili tofauti katika tangi: huku samaki anaogelea, kule amekufa.

Samaki akiishi

Upande huu ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Kilomita chache kutoka Likasi kuna mfano mkubwa, na watu wa mji huu wanaula: ziwa Tshangalele. Ziwa hilo ni la kutengenezwa. Lilijaa mwaka 1930 baada ya mto Lufira kuzuiwa na bwawa la Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi, na lina eneo la karibu kilomita za mraba 400. Wavuvi wa Kapolowe wanaishi kwa ziwa hilo, na samaki wao wanafika kwenye masoko ya Likasi na ya Lubumbashi. Mito ya upande wa Likasi, Panda na Buluo, inapeleka maji yake huko. Viwanda vya Shituru vinatengeneza shaba tangu mwaka 1929, kwanza chini ya Union Minière, halafu chini ya Gécamines, na sasa kampuni nyingine zimeongezeka. Taka za karibu karne moja hazikupotea hewani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo wa wakaaji wa maeneo ya madini ya Katanga na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kiasi cha kobalti walichokikuta kilikuwa, kwa maneno yao, kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi viwandani. Mwaka uliofuata utafiti mwingine uliangalia mlolongo wa chakula katika bonde la Lufira ya juu, na mwaka 2016 wengine walichapisha vipimo vya minofu ya samaki wa Tshangalele. Waliikuta kobalti na metali nyingine ndani ya nyama, na wakatahadharisha juu ya afya ya anayekula samaki hao mara kwa mara.

Angalia vizuri: samaki hao hawakuwa wamekufa. Walivuliwa wakiwa hai, wanene, wazuri kwa macho. Waliishi, wakazaa, na metali ikajikusanya ndani yao. Kwa hiyo yule anayesema “samaki wangu wako hai kwa miezi sita, basi kisima changu ni safi” anasoma ushahidi kinyume. Samaki hai anakuambia kwamba hakuna sumu inayoua haraka. Juu ya kobalti, risasi au arseniki inayoingia kidogo kidogo kwa miaka, yeye hawezi kukuambia lolote.

Na tukiwa hapo, tuseme jambo ambalo akina mama wengi wanauliza. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi metali. Maji yakipungua kwenye sufuria, metali inabaki ileile ndani ya maji machache. Kutia dawa ya klorini pia hakuondoi. Maji yaliyo wazi kama kioo yanaweza kuwa nayo, na maji yenye rangi ya udongo yanaweza kuwa hayana.

Jiwe la kijani

Makosa makubwa kuliko yote katika akwariamu za Likasi hayatoki kwenye bomba wala kwenye kisima. Yanatoka kwenye mkono wa mwenye tangi. Mji huu umejaa mawe mazuri. Malakiti, jiwe la kijani lenye mistari, linachongwa na kuuzwa kama pambo; mtoto wa mchimbaji anaweza kuwa nalo mfukoni. Ukitafuta kitu cha kupamba chini ya tangi, kipi kizuri zaidi? Lakini malakiti ni shaba. Katika maji yenye asidi kidogo jiwe hilo linayeyuka polepole, na konokono ndio wanaoanza kufa, halafu uduvi, halafu samaki wadogo. Mwenye tangi anabadilisha maji, anatia dawa, anamlaumu aliyemuuzia samaki, na jiwe bado limekaa pale chini likitazamwa na wageni.

Basi sheria ya nyumbani iwe kali: hakuna jiwe la kijani, hakuna jiwe la buluu, hakuna jiwe jeusi zito lililookotwa karibu na mgodi, hakuna changarawe ya mto Panda wala mabaki ya tanuru. Wala tusisahau kwamba Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu la atomiki la Marekani, uko karibu kilomita 20 tu kutoka hapa. Mgodi huo umefungwa kwa amri ya serikali tangu mwaka 2004, lakini mawe yana miguu. Mchanga wa ujenzi uliooshwa mara nyingi, kipande cha chungu cha udongo kisichopakwa rangi, au mawe ya kawaida kutoka shamba lililo mbali na viwanda vinatosha. Bomba la shaba na koki za manjano nazo zisikae ndani ya maji.

Maji ya mvua ni msaada, lakini si malaika. Yanapita juu ya mabati yaliyopakwa zinki, na zinki nayo ni sumu ya samaki. Katika mitaa iliyo karibu na viwanda, mabati hayo yamebeba vumbi la miezi sita ya kiangazi. Mvua za kwanza za Oktoba na Novemba ziachwe zioshe paa. Baadaye, wakati mvua zimekolea, unaweza kukinga.

Mwanga ukikatika

Akwariamu inaishi kwa umeme, na hapo pia Likasi ina habari yake. Pompi inasukuma maji kwenye chujio na kuingiza hewa. Ikisimama, bakteria wale tuliowangoja wiki 6 wanaanza kukosa hewa baada ya saa chache, na chujio lililofungwa linageuka kuwa chombo cha maji yaliyooza. Umeme ukirudi, pompi inamwaga uozo huo wote juu ya samaki. Wengi wanawapoteza samaki wao mwanga unaporudi, na wanashangaa.

Delestaji, mgao wa umeme, si hadithi ya Likasi pekee. Ni hali ya Katanga nzima tangu migodi iongezeke na nguvu za umeme zisiongezeke kwa kasi hiyohiyo. Bwawa la Mwadingusha, lile lile lililotengeneza ziwa Tshangalele, lilikarabatiwa na kurudishiwa mashine zake 6 zenye megawati 78 mwaka 2021. Ukarabati huo ulifanywa na SNEL kwa fedha za kampuni ya Kamoa Copper, ambayo nayo ikahakikishiwa umeme wa gridi kwa mgodi wake wa upande wa Kolwezi. Mkataba huo una faida zake, na mashine zilizokuwa zimechoka zinazunguka tena. Ila mkaaji wa Kikula anayesoma taarifa hiyo kwa mwanga wa tochi ana haki ya kuuliza foleni ya umeme imepangwaje na yeye yuko nafasi ya ngapi.

Kwa mwenye tangi, suluhisho liko karibu. Betri ya pikipiki na sahani ndogo ya jua vinatosha kuendesha pompi ndogo ya hewa usiku kucha. Asiye navyo anaweza kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya saa moja, na kutoa chujio nje ya chombo chake likae kwenye maji ya wazi. Mwanga ukikosekana, usiwape chakula. Na kubwa kuliko vyote: weka samaki wachache. Tangi la lita 100 lenye samaki 8 wadogo linavumilia usiku mzima bila umeme. Lenye 40 halifiki alfajiri.

Baridi pia inahesabiwa. Watu wa Kinshasa hawaamini, lakini huku kwetu usiku wa Juni na Julai kipimajoto kinashuka hata chini ya nyuzi 10. Samaki wa maji ya joto anataka nyuzi 24 hadi 26, na kipasha joto kinakula umeme kuliko pompi. Poisson rouge, yule samaki mwekundu ambaye Wachina wamemfuga kwa zaidi ya miaka elfu moja, anapenda baridi na ndiye anayefaa kwa nyumba isiyo na kipasha joto. Ubaya wake ni kwamba anakua mkubwa na kuchafua sana, hivyo kumweka kwenye bakuli la duara ni kumtesa. Gapi, samaki mdogo mwenye mkia wa rangi aliyetoka Amerika ya Kusini, anavumilia zaidi kuliko wengi na anazaa bila kuombwa.

Samaki wetu, majina yetu, soko la wengine

Hapa kuna jambo linalouma kidogo. Ukiingia katika duka la akwariamu la Ulaya au la Marekani, utakuta Kongo imeandikwa ukutani. Tetra ya Kongo, samaki mwenye rangi za upinde wa mvua, anatoka katika bonde la mto wetu na wanasayansi wamemwandika tangu mwaka 1899. Kuna kambale mdogo wa Pool Malebo anayeogelea tumbo juu mgongo chini. Watoto wa nchi za mbali wanamjua kuliko watoto wa Kinshasa. Na kuna ziwa Tanganyika, ambalo asilimia 45 ya eneo lake iko upande wetu, lenye aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya tilapia, karibu zote zisizopatikana mahali pengine popote. Wapenzi wa samaki hao wanawaita kwa majina ya vijiji vyao. Frontosa wa Moba, mwenye rangi ya buluu na kibonge juu ya kichwa, anauzwa kwa jina la Moba katika miji ambako hakuna mtu anayeweza kuonyesha Moba kwenye ramani.

Biashara hiyo ilianza zamani. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anasafirisha samaki kutoka Léopoldville kabla ya uhuru, na katika miaka ya 1970 akahamia Bujumbura kufanya kazi hiyo ziwani. Mwanasayansi Max Poll, aliyeshiriki katika safari ya utafiti ya Wabelgiji ziwani Tanganyika mwaka 1946 na 1947, alimpa samaki mmoja jina la Brichard mwaka 1974. Njia za kutokea za samaki wa upande wetu zikawa Burundi na Zambia, kwenye viwanja vya ndege na ofisi zinazofanya kazi. Siku hizi samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa duniani, takriban 9 kati ya 10, hawavuliwi tena bali wanazalishwa kwenye mashamba, hasa Asia. Yaani hata frontosa wa Moba anaweza kuwa amezaliwa mbali kabisa na Moba, na anayepata makuta si mtu wa Moba.

Lakini rudi kwenye yale maji magumu ya dolomite. Maji ya ziwa Tanganyika ni magumu na yana pH ya karibu 9. Tetra wa Kongo anataka maji laini yenye asidi kidogo, na kwa kisima cha mawe ya Likasi atateseka. Samaki wa Tanganyika, kinyume chake, atajisikia karibu na kwao. Wako wengine wadogo, wa sentimita 5 au 6, wanaoishi na kuzaa ndani ya maganda ya konokono. Tangi la lita 60 lenye mchanga na maganda 10 linawatosha jamii nzima. Kijana wa Likasi mwenye kisima kilichopimwa ana mali ambayo mfugaji wa Ubelgiji anaitengeneza kwa chumvi za dukani.

Hatusemi ni kazi rahisi. Kutoka Moba kupitia Pweto hadi Lubumbashi barabara ni ndefu, na samaki wanasafiri ndani ya mfuko wenye sehemu moja ya maji na sehemu mbili za oksijeni, baada ya kufungishwa siku mbili ili wasichafue maji. Wengine watakufa njiani. Ndiyo sababu wenye akili katika kazi hii wanaleta jozi chache tu, halafu wanazalisha nyumbani.

Kuna mwingine wa karibu zaidi ambaye hatujamthamini. Katika madimbwi ya Bukama, Max Poll alimwandika mwaka 1938 samaki mdogo wa rangi anayeitwa kwa Kilatini Nothobranchius brieni. Maisha yake ni ya ajabu: dimbwi linakauka wakati wa kiangazi, wazazi wanakufa wote, na mayai yanabaki hai ndani ya tope kavu kwa miezi hadi mvua irudi. Wafugaji wa samaki wa jamii hiyo wanatumiana mayai kwa posta, ndani ya mfuko mdogo wa udongo wenye unyevu. Hakuna oksijeni, hakuna maji, hakuna ndege ya mizigo. Kama kuna biashara ya samaki wa mapambo inayoweza kuanzia Katanga kwa mtaji mdogo, tungeanza kutazama hapo.

Onyo moja tu: samaki wa kigeni akichosha, asitupwe mtoni. Gugumaji lilifika katika mto Kongo miaka ya 1950, mmea uliosambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri, na mpaka leo mitumbwi inahangaika nalo.

Nani anapima?

Wapo watakaosema: watu hawana maji ya kunywa, nyinyi mnaandika juu ya samaki wa urembo. Tunalielewa neno hilo. Lakini angalia kile ambacho mwenye akwariamu analazimika kufanya kwa ajili ya samaki wa franga chache: anauliza maji yametoka wapi, yana nini, yamekaa muda gani, na anaandika. Vipimo vya karatasi vinavyouzwa kwa wafugaji vinaonyesha pH, ugumu, nitriti, na vingine shaba pia. Kobalti, arseniki na urani havionekani kwa karatasi, vinataka maabara. Maabara ziko Lubumbashi, na watafiti wako. Kinachokosekana ni desturi ya kupima kila mara na kutangaza, badala ya kupima baada ya ajali na kufunga faili.

Sheria haikosekani. Sheria ya mazingira ni ya Julai 2011, sheria ya maji ni ya tarehe 31 Desemba 2015. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, katika kifungu cha 285 bis, inasema mwenye haki ya madini anatakiwa kulipa madhara aliyosababisha kwa watu, mali na mazingira hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa. Kifungu hicho kina nguvu sana kwenye karatasi. Mbele ya hakimu kinahitaji kitu kimoja: kuonyesha kwamba maji yalikuwa hivi jana, na leo yako hivi. Bila namba za jana, mkulima wa kando ya Panda anafika mahakamani na samaki waliokufa ndani ya ndoo, na wakili wa kampuni anauliza tu swali moja: nani anajua walikufa kwa nini? Baada ya yote tuliyoandika hapo juu juu ya amonia, klorini na maji magumu, hata sisi tungekubali kwamba swali hilo lina msingi.

Sheria hiyohiyo ya 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa miji, commune, sekta na usultani ambako uchimbaji unafanyika. Haihitaji sheria mpya ili sehemu ndogo ya fedha hizo ilipie chupa za maji zinazopelekwa maabara kila mwezi, na karatasi moja yenye namba ibandikwe kwenye mlango wa kila commune: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Mahali pa kuchota panajulikana. Mto Panda chini ya viwanda, Buluo pembeni mwa mji, kisima kimoja cha shule katika kila commune, na ziwa mbele ya Kapolowe, asubuhi, wakati wavuvi wanapakua samaki.